Kuacha kazi Dar na kuhamia Dodoma: panga tarehe kwa kurudi nyuma

Mtu akipata kazi Dodoma ilhali bado ameajiriwa Dar es Salaam, swali la kwanza huwa "niache lini?", na jibu la haraka huwa "mwisho wa mwezi huu". Huenda likawa jibu sahihi. Mara nyingi, hata hivyo, limetoka kwenye hasira za ofisini au kwenye haraka ya mwajiri mpya, na hesabu haijapigwa. Njia inayofaa ni kuanzia mwisho: tafuta siku ambayo mshahara kamili wa kwanza wa kazi mpya utaingia kwenye akaunti, kisha rudi nyuma hadi siku ya kukabidhi barua. Njiani utakutana na notisi, kodi ya nyumba mbili, shule, bima, mkopo wa benki na likizo iliyobaki. Kila kimoja kina tarehe yake, na tarehe hizo hazingojani.

Haya ni ya sekta binafsi. Mtumishi wa umma ana taratibu zake za uhamisho na zinachukua muda wake. Kama mwenza wako ni mtumishi wa umma, usipange tarehe ya familia kabla barua yake ya uhamisho haijatoka. Ahadi ya "inashughulikiwa" isikufanye ulipe kodi ya nyumba.

Kwanza, ongezeko la mshahara lina ukubwa gani hasa?

Watu hulinganisha mshahara ghafi na mshahara ghafi, na hapo ndipo uamuzi unapoharibika. Chukua mfano: Dar unalipwa Sh900,000, Dodoma wanakupa Sh1,200,000. Ongezeko ni Sh300,000 kwenye karatasi.

Sasa kata. Kwenye Sh900,000, mchango wako wa hifadhi ya jamii (NSSF) wa asilimia 10 ni Sh90,000, inabaki Sh810,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi ya mshahara, ambavyo Sh270,000 za kwanza hazitozwi, kisha asilimia 8 hadi Sh520,000, asilimia 20 hadi Sh760,000, asilimia 25 hadi Sh1,000,000 na asilimia 30 kwa kinachozidi hapo, kodi yako ni Sh80,500. Mkononi unabaki na Sh729,500. Kwenye Sh1,200,000, NSSF ni Sh120,000, kodi ni Sh152,000, mkononi Sh928,000. Ongezeko halisi ni Sh198,500. Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kabla hujaishika, kwa hiyo Sh45,000 nyingine za lile ongezeko zinaondoka. Zimebaki Sh153,500 kwa mwezi. Huo ndio mshahara unaohama kwa ajili yake, na hesabu zote zinazofuata zilinganishe na namba hiyo.

Sasa orodhesha gharama za kuhama ambazo zikitoka hazirudi. Tuseme dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kwenye nyumba ya Sh250,000. Gari la mizigo Sh700,000. Safari mbili za kutafuta nyumba na kulala, Sh300,000. Mapazia, tanki, kitasa na matengenezo madogo, Sh400,000. Sare na michango ya shule mpya, Sh350,000. Jumla ni Sh2,000,000. Gawanya kwa 153,500: miezi 13 ndipo ongezeko linarudisha gharama ya kulifuata. Na kama unaondoka Dar umeacha kodi ya miezi mitatu ambayo mwenye nyumba harudishi, Sh250,000 kila mwezi, gharama inafika Sh2,750,000 na muda unasogea hadi karibu miezi 18. Kosa la tarehe tu limekula karibu miezi mitano ya ongezeko.

Sisemi usihame. Kuna sababu nyingine za kuhama zaidi ya hela: cheo, kazi yenye mwelekeo, kuwa karibu na wizara kama shughuli zako ziko huko. Lakini kama sababu ni hela peke yake na mkataba mpya ni wa mwaka mmoja, unahama ili ubaki pale pale.

Kuna wanaosema familia ibaki Dar, mimi nitakuwa narudi kila wikiendi kwa SGR, kwa kuwa tangu Julai 2024 treni inafika Dodoma na safari ni kama saa tatu na nusu. Piga hesabu: nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa treni ilipoanza ilikuwa Sh31,000. Kwenda na kurudi mara nne kwa mwezi ni Sh248,000. Imeshapita Sh153,500. Kwa mwezi mmoja au miwili ya mpito ni sawa, kwa mwaka mzima ni kazi ya kuilipa treni.

Karatasi ya ofa kabla ya barua ya kuacha

"Tumeshakukubali, wewe njoo tu" si ofa. Usikabidhi barua ya kuacha kazi kabla hujashika mkataba au barua ya ajira iliyosainiwa, na kama ofa ina masharti ya vipimo vya afya au ya kuulizia kwa waajiri wa nyuma, subiri masharti hayo yakamilike. Barua ya kuacha ikishapokelewa, kubadili mawazo kunahitaji ridhaa ya mwajiri wako, na huenda tayari ameshampa mtu nafasi.

Ndani ya mkataba kuna mambo manne ambayo anayehama mji anapaswa kuyatazama kuliko anayebadilisha ofisi ndani ya Dar.

La kwanza ni mahali ulipoajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inamtaka mwajiri aandike mahali ulipoajiriwa na mahali pa kazi. Watu hulipita neno hili kama jina la mtaa tu. Lina maana kubwa: ajira ikisitishwa sehemu tofauti na ile ulipoajiriwa, mwajiri anawajibika kukusafirisha wewe na vitu vyako kukurudisha, au kulipia usafiri huo, pamoja na posho ya kujikimu ya kila siku kuanzia siku ajira iliposimama hadi siku unaposafirishwa. Kama walikufuata ukiwa Dar, wakakuhoji ukiwa Dar, na mkataba unasema umeajiriwa Dodoma, haki hiyo utaipata kwa shida. Omba iandikwe Dar es Salaam kabla ya kusaini. Hakuna mwajiri mwema atakayegoma kuandika ukweli.

La pili ni muda wa majaribio. Kanuni za ajira za 2007 zinasema usizidi miezi 12. Sheria kwa upande wake haimlindi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo. Weka mambo hayo mawili pamoja na utaona kwa nini kulipa kodi ya mwaka mzima Dodoma siku ya kwanza ni kujifunga kamba.

La tatu ni likizo. Ndani ya miezi sita ya mwanzo huna haki ya kisheria ya likizo yenye malipo, na hiyo inajumuisha likizo ya ugonjwa na ya uzazi. Mwanamke mwenye ujauzito wa miezi minne anayehamia kazi mpya anaziacha siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo kwa mwajiri wa zamani, na kwa mpya atajifungua kabla hajazifikia. Mwajiri mpya anaweza kukubali kuzitoa kwa hiari, na akikubali aandike kwenye mkataba. Asipoandika, kusogeza tarehe ya kuanza hadi baada ya kujifungua kuna faida kuliko kukimbilia.

La nne ni posho ya kuhamia. Iombe baada ya ofa na kabla ya saini. Kampuni nyingi hukataa kuongeza mshahara lakini hukubali kulipa gari la mizigo au wiki mbili za hoteli, maana hiyo ni gharama ya mara moja. Kwenye mfano wetu, wakilipia gari peke yake, miezi 13 inashuka hadi chini ya tisa. Na omba kuanza tarehe 1. Ofisi nyingi hufunga orodha ya mishahara katikati ya mwezi; ukianza tarehe 18 unaweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi unaofuata ndipo ulipwe.

Notisi, na siku ambazo hazihesabiki

Kwa mwenye mkataba usio na ukomo anayelipwa kwa mwezi, notisi ya chini kisheria ni siku 28. Kama uko kwenye mwezi wa kwanza wa ajira ni siku saba. Mkataba unaweza kutaka muda mrefu zaidi, na mikataba mingi inasema mwezi mmoja, ya mameneja hata mitatu. Soma wa kwako, usiulize wa jirani.

Ikiwa unaanza Dodoma tarehe 1 Septemba na siku yako ya mwisho Dar ni 31 Agosti, kwa notisi ya siku 28 barua ifike si zaidi ya 3 Agosti. Iandike kwa maneno machache: unaacha kazi, sababu, tarehe ya barua, tarehe ya siku ya mwisho. Sababu inatakiwa, lakini "nimepata nafasi nyingine ya kazi" inatosha. Malalamiko ya miaka minne usiyaweke humo. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Kama ofisi inatumia barua pepe, tuma na huko pia.

Wengi wanakwama kwenye likizo. Mtu ana siku 20 za likizo, anasema ataandika barua, atafanya kazi wiki moja, kisha likizo imalizie notisi. Sheria inakataa: notisi haitolewi ukiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Mkikubaliana na mwajiri kwa maandishi ni jambo jingine, ila usilipange kana kwamba ni haki yako. Matumizi mazuri ya likizo ni kuichukua kabla ya kutoa notisi, ukaenda Dodoma kutafuta nyumba, ukarudi kazini, ndipo ukaandika barua. Zinazobaki zinalipwa fedha.

Malipo yake yanakokotolewa hivi: kwa mzunguko wa likizo ambao haujaisha, unadai mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 za ajira. Mzunguko ukianza 1 Januari na ukaondoka 31 Agosti, ni siku 243, sawa na mshahara wa siku 18.7. Ukiletewa karatasi ya malipo, uliza mshahara wa siku wameupata kwa kugawa kwa ngapi, maana hapo ndipo ofisi hutofautiana.

Ukikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri ana haki ya kukata kwenye stahiki zako kiasi ambacho ungelipwa kwa kipindi hicho. Kuondoka ghafla kwa hiyo kunagharimu karibu mshahara wa mwezi mzima, na bado kunakuharibia jina kwa mtu ambaye mwajiri mpya anaweza kumpigia simu.

Wenye mkataba wa muda maalumu, wa mwaka au miaka miwili, wasidanganywe na habari ya siku 28. Kwao, kanuni za 2007 zinasema unaweza kuuvunja kabla ya muda kama mwajiri amekiuka mkataba kwa kiasi kikubwa. Vinginevyo unahitaji akubali kuumaliza mapema. Kama umebakiza miezi miwili, mwombe mwajiri mpya akusubiri. Kama umebakiza mwaka, nenda kazungumze kwanza na utoke na karatasi iliyosainiwa na pande zote. Angalia pia kama uliwahi kusaini makubaliano ya kutumikia miaka kadhaa baada ya kusomeshwa na kampuni. Hayo yanasahaulika hadi siku ya kukokotoa stahiki.

Kiinua mgongo cha kisheria, kile cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hulipwa mwajiri anapokuachisha. Wewe ukiacha mwenyewe usikiweke kwenye bajeti, isipokuwa mkataba wako unasema vingine. Hali kadhalika fao la kukosa ajira la NSSF si la aliyeacha kazi kwa hiari. Kuna watu wanaokuja Dodoma wakitegemea hela hizo mbili na wanajikuta na mshahara wa mwezi mmoja tu.

Mwajiri wa sasa akikuongezea mshahara baada ya kupokea barua? Amua kiwango chako kabla ya kuipeleka. Ukianza kufikiria ukiwa umekaa ofisini kwake, utakubali namba yoyote iliyo mbele yako.

Fedha za siku 60

Gharama ya kuhama ni jambo moja, fedha taslimu za kuhamia ni jingine. Kodi ya nyumba ya miezi sita usiihesabu kama hasara kwa kuwa ungelipa kodi popote, lakini lazima uwe nayo mkononi siku moja. Kwa mfano ule ule: kodi ya miezi sita Sh1,500,000, ongeza zile Sh2,000,000 za kuhama, inakuwa Sh3,500,000. Ongeza chakula na nauli Sh15,000 kwa siku kwa siku 60, Sh900,000. Unahitaji Sh4,400,000 kabla ya kuandika barua.

Stahiki za mwisho za kazi ya Dar zihesabu sifuri. Zitakuja, ila huzijui zitakuja lini, na zinaweza kufika zimepungua. Masurufu ambayo hukuyarejesha yatakatwa. Mkopo wa kampuni utakatwa. Na kama una mkopo wa mshahara benki, hela ikiingia kwenye akaunti ile ile benki inaweza kuchukua rejesho lake kwanza. Nenda benki kabla ya kutoa notisi, uwaambie unahama mwajiri na uulize wanataka barua gani kutoka kwa mwajiri mpya ili makato yaendelee bila malimbikizo. Bima ya mkopo kwa kawaida ni ya kifo na ulemavu. Kuacha kazi hakumo.

Bima ya afya nayo ina pengo. Kadi ya mwajiri wa zamani hufungwa ukiondoka, ya mpya inaweza kuchukua wiki kadhaa. Anayetumia dawa za kila siku achukue za kutosha, na kama kuna jino la mtoto linalosubiri, ling'olewe Dar.

Huna milioni nne na ushee? Basi familia isihame sasa. Nenda peke yako, panga chumba kimoja kwa mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu, maliza majaribio, kisha uwalete. Mpango huu unaonekana wa kinyonge na watu huuonea aibu. Kwangu mimi ndio bora hata kwa mwenye hela, kwa sababu ya ile miezi sita isiyo na ulinzi na kwa sababu ya shule.

Shule inaamua mwezi

Mwaka wa shule unaanza Januari, na likizo ndefu ni Juni na Desemba. Uhamisho wa mwanafunzi wa shule ya serikali unapitia kwa mwalimu mkuu na ofisi ya elimu ya halmashauri unayotoka na unayokwenda, na taarifa zake zinahama kwa namba ya PReM, namba ya utambulisho ya mwanafunzi. Anza na shule ya Dodoma: upate nafasi kwanza, ndipo uombe kutoka. Ukifanya kinyume mtoto anakaa nyumbani.

Mwenye mtoto wa darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne asimhamishe katikati ya mwaka. Hao wana mtihani wa taifa na wameshasajiliwa kwenye kituo chao. Amalize, uhamie Desemba. Kwa shule binafsi tazama ada: ukitoa mtoto wiki ya pili ya muhula, ada ya muhula mzima kwa kawaida hairudi.

Kutafuta nyumba Dodoma

Anza na kazi iko wapi. Mji wa Serikali uko Mtumba, yapata kilomita 17 kutoka katikati ya mji, barabara ya Dar es Salaam. Kisasa, Nzuguni na Ihumwa ziko upande huo. Nkuhungu ni upande wa pili, na anayekaa Nkuhungu akafanya kazi Mtumba anavuka mji mzima asubuhi na jioni. Dalali atakuambia "dakika kumi tu". Panda daladala mwenyewe saa moja asubuhi ya siku ya kazi uone.

Msimu una maana. Bunge la Bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na nyumba za wageni hujaa na kupanda bei. Mwanzo wa mwaka wa masomo, vyumba vya karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hugombaniwa. Agosti na Septemba kuna nafasi zaidi, ila ni kiangazi: vumbi tupu, na nyumba iliyo kwenye mkondo wa maji inaonekana salama kabisa. Mvua za Dodoma ni kati ya Desemba na Aprili. Angalia ukuta wa nje kama una alama ya tope, na waulize majirani maji hupita wapi.

Maji ndiyo jambo ambalo mtu wa Dar hulidharau. Uliza mgao wa DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, mtaani hapo ni siku zipi, kisha uliza jirani swali hilo hilo. Kama nyumba inatumia kisima, onja: baadhi ya visima vina chumvi ya kukataa povu. Familia ya watu wanne inayotumia lita 100 kwa siku inamaliza tanki la lita 1,000 kwa siku kumi. Tanki la lita 500 halitoshi wiki. Tazama tanki liko wapi, lina ukubwa gani, na ni la nyumba ngapi.

Umeme: chukua namba ya mita na ununue LUKU ya Sh2,000 hapo hapo kabla ya kulipa kodi. Kama mita ina deni, utaliona kwenye makato. Kama mita ni ya wapangaji watatu, mkubaliane mgawanyo kwa maandishi, maana mwenye friji na mwenye taa mbili hawatalipa sawa kwa amani.

Malipo yafanyike kwa mwenye nyumba baada ya mkataba, kwenye akaunti au namba yenye jina linalolingana na kitambulisho chake. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kukuthibitishia kama ndiye mwenyewe, na utaihitaji ofisi hiyo baadaye kwa barua ya utambulisho. Dalali alipwe ukishashika ufunguo.

Gari la mizigo litafute mapema wiki moja kabla. Canter iliyoleta mazao Dar na inarudi Dodoma itakubeba kwa bei ya chini kuliko ya kukodi makusudi, ila dereva ndiye anayechagua siku, kwa hiyo acha siku mbili za nafasi kabla ya kuripoti kazini. Kubaliana nani analipa wapakiaji wa huku na wa kule. Ugomvi mwingi hutokea hapo. Friji isafiri imesimama. Ikilazwa, iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yarudi chini.

Wiki ya mwisho ofisini

Andika makabidhiano: kompyuta, funguo, mafaili, kazi zilizo njiani, nywila za kazi. Pande zote zisaini. Rejesha masurufu yote upewe risiti. Omba cheti cha utumishi, ambacho sheria inamtaka mwajiri akupe, na usiondoke na ahadi ya "tutakutumia".

Kisha omba taarifa ya michango yako NSSF na uikague mwezi kwa mwezi. Makato kuonekana kwenye hati ya mshahara hakumaanishi yamefika Mfuko. Miezi inayokosekana ni rahisi kuidai ukiwa bado unamwona mhasibu kila siku. Namba yako ya uanachama unakwenda nayo kwa mwajiri mpya. Usikubali kufunguliwa nyingine. Bodi ya Mikopo pia ijue mwajiri amebadilika, na mwajiri mpya aanze kukata mwezi wa kwanza.

Kuhusu stahiki, pata mchanganuo ulioandikwa kabla ya siku ya mwisho: mshahara hadi tarehe ya kuondoka, likizo, posho zinazodaiwa, makato na sababu ya kila kato. Usisaini kuwa umelipwa kila kitu kama bado hujalipwa. Mkishindana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea madai ya namna hii ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, kwa Fomu namba 1 ya Tume, na shauri linafunguliwa mahali mgogoro ulipotokea. Kwako hapo ni Dar es Salaam, kwa hiyo kila tarehe ya usuluhishi itakuwa safari na ruhusa ya kuomba kwa mwajiri ambaye bado yuko kwenye kukujaribu. Mabishano ya laki mbili yamalize kabla canter haijapakiwa.